Meta ya Watu Wazima

Katika kiwanda cha nyavu pale karibu na reli, Kisumu, kamba ilipimwa kwa mikono. Mtu akimaliza kuvisha wavu kamba, yaani kuushona wavu kwenye kamba yake na kufunga maboya juu, alisimama mbele ya karani, akatanua mikono yake miwili na kuhesabu: pima moja, pima mbili, pima tatu. Pima ni urefu wa mikono ya mtu iliyotanuliwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Kila pima ilikuwa senti ishirini. Bei ilikuwa moja kwa wote, na Bwana Gordon, meneja, alipenda kulisema hilo hata pale ambapo hakuna aliyemwuliza.

Nabwire hakuweza kusimama akatanua mikono. Mguu wake wa kulia ulipooza akiwa na miaka mitatu, kwao Kimilili, na tangu hapo mkono wake mmoja ukawa mali ya mkongojo. Akiuachia mkongojo, yuko chini. Kwa hiyo alifanya kazi ameketi kwenye mkeka kando ya dirisha, yeye na wenzake wawili. Mmoja alikuwa Dorca wa Katito, aliyezaliwa na miguu miwili myembamba isiyobeba kitu, akijisogeza kwa viganja. Mwingine alikuwa Selpha, mwanamke wa maneno machache aliyevunjika nyonga alipoanguka kutoka kwenye lori la miwa. Kiwanda kizima kiliwaita wa mkekani.

Kupimiwa, walipimiwa na Opiyo. Huyu alikuwa mpakiaji wa stoo, mtu mrefu wa kuinamia kila mlango, mpole, na kanisani kwao alikuwa mbeba bendera.

“Kaeni tu, mama zangu,” aliwaambia siku ya kwanza. “Nyinyi shoneni, mimi nitawapimia.”

Na kwa miaka sita aliwapimia, bila kuchoka na bila kudai kitu. Walimshukuru kama watu waliolelewa vyema wanavyoshukuru. Dorca akitoka kwao alimletea njugu. Selpha alimpelekea mkewe mboga. Nabwire alimfumia mtoto wake wa mwisho kofia, akaifuma tena ya pili kichwa kilipokua. Wewe unayesoma pengine umeshaona mambo yanakoelekea, na unacheka. Wao hawakuona, kwa sababu mtu akikutendea wema huuchukui ukaanza kuupima.

Mwaka wa sabini na moja, mvua za Aprili zikiwa zimechachamaa, Opiyo akaenda matanga Ahero. Mto ukafurika, barabara ikakatika, akakaa huko siku tatu. Siku ya kwanza jioni wa mkekani walikuwa na kazi yao mapajani na hawana mikono ya kuipimia. Nasipwondi, mwanamke wa kutoka upande wa kwao Nabwire aliyefanya kazi kwenye safu ya waliosimama, akasema jambo dogo hilo. Akamwinua Nabwire, akamwegemeza kwenye nguzo, akamshika kiuno kwa nguvu. Nabwire akatanua mikono yake mwenyewe kwa mara ya kwanza ndani ya kiwanda kile, akaanza kuhesabu.

Alizoea ishirini. Alipofika ishirini akaangalia chini, na kamba bado ilikuwa rundo. Akaendelea. Ishirini na tano. Kamba ilikwisha kwenye pima ya ishirini na nane.

“Nyasaye!” Dorca alimwita Mungu kutoka mkekani. “Ni kama ile mikate na samaki!”

Karani Absalom hakuwa mtu wa miujiza. Aliweka kalamu chini. “Jana ishirini, leo ishirini na nane? Mama, umekula nini? Hii kamba ingine ni ya nani?”

“Ni yangu.”

“Mimi siandiki hii. Hii ni wizi.”

Nasipwondi ndiye aliyefoka. Alimwambia Absalom kwamba kama anatafuta mwizi, angoje barabara ya Ahero ifunguke, ampime Opiyo mikono. Safu nzima ya waliosimama ikaangua kicheko, kwa maana kila mtu alishaiona mikono ya Opiyo, na hapo hapo kila mtu akaelewa. Pima ya Opiyo ilikuwa karibu pima moja na nusu ya mwanamke wa kawaida. Bei ilikuwa moja kwa wote, kweli. Pima ndiyo haikuwa moja.

Nabwire aliomba aketishwe. Alianza hesabu kichwani, pima nane kila siku, mara siku ishirini na sita, mara miezi kumi na miwili, na kabla hajamaliza mwaka wa kwanza akaiacha. Alikuwa amechoka. Uchovu wenyewe haukuwa wa siku ile. Ulikuwa wa miaka sita, na ndiyo kwanza unamfikia.

Opiyo aliporudi na kuambiwa, alisimama katikati ya stoo akiitazama mikono yake kana kwamba ameazimwa.

“Hii mikono nilipewa na Mungu, mama,” alimwambia Nabwire. “Mimi sikujua inaiba.”

“Najua hukujua,” akasema Nabwire, na ilikuwa kweli, na haikumsaidia kitu.

Wa mkekani wakaendelea kupimiwa na Opiyo, maana Absalom hakukubali kuwaandikia pima nyingine. Jambo lenyewe lisingemkaa Nabwire rohoni hivyo kama si Jentrix. Huyo alikuwa binti yake, wa miaka saba. Baba yake Jentrix alikuwa na miguu miwili mizuri na aliitumia kuondoka. Mtoto aliishi Kimilili kwa Wakhisi, kaka yake Nabwire, kwa sababu hapo Kisumu Nabwire alikuwa na kona tu katika chumba cha mama mmoja aitwaye Seline, mtaa wa Nyalenda. Alilala nyuma ya pazia, baina ya debe la mafuta ya taa na gunia la dagaa la mwenye nyumba, mahali ambapo mtoto hata angekunjwa asingeenea.

Mwezi wa Julai Wakhisi aliandika barua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wanane na ng'ombe mmoja. Barua ilisema kuna familia Kitale inayotafuta msichana wa kulea mtoto, nao wanataka aanze Januari. “Huku hakuna karo, dada. Kama una chumba, njoo umchukue asome huko kwako. Nimesema chumba, si kona. Kama huna, usinilaumu.”

Nabwire aliisoma mara tatu, maana alifika darasa la nne kwa wamisionari na kusoma kulikuwa ni kitu chake. Chumba Nyalenda kilikuwa shilingi thelathini kwa mwezi. Pima zake nane za kila siku zingekuwa shilingi arobaini na ushei. Hivyo ndivyo hesabu ilivyokaa, na haikuhitaji karani: mtoto wake alikuwa amelala ndani ya mikono ya Opiyo, kwenye ule urefu uliozidi.

Akaenda kwa Bwana Gordon. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: huyu Gordon ndiye aliyewaandika kazi. Kisumu nzima hapakuwa na mwingine. Nabwire alizunguka maduka na viwanda vya mji huu mwaka mzima, na kote aliambiwa angoje nje, kisha akapewa senti hamsini aende. Gordon alimpa sindano ya nyavu na kumwambia kaa pale. Hilo halikusahaulika, hasa kwa kuwa Gordon mwenyewe hakuacha lisahaulike.

“Nimesikia habari ya pima,” Gordon alisema. “Imeniuma sana. Lakini ngoja kidogo, mama. Serikali inaleta meta. Maili kwisha, futi kwisha, pima pia kwisha. Meta haina mkono mrefu wala mkono mfupi. Ikifika, mtakuwa sawa wote.”

Wakangoja meta. Wa mkekani waliingoja kama wengine wanavyongoja mvua. Dorca alitaka kujua ni kitu gani hasa, kina rangi gani. Nabwire alimwambia ni chuma kilichokatwa mbali huko, na kila chuma duniani cha jina hilo kina urefu mmoja, hata cha mfalme. Dorca aliona huo ni utaratibu mzuri sana. Hata Selpha, ambaye hakuwa na tabia ya kutumaini, alisema acha kije tukione.

Kilifika Oktoba. Fundi aligongomea vyuma viwili kwenye meza ndefu, meta moja baada ya nyingine, na Jumatatu asubuhi karatasi ikabandikwa ukutani. Waliosimama waliisoma kwanza, kisha wakatawanyika bila kuwaangalia wa mkekani. Nabwire alijikongoja hadi pale, akasoma kwa sauti ili wenzake wasikie.

“Watu wazima, senti kumi na nne kwa meta. Wasio wazima, senti kumi kwa meta.”

Dorca akageuka huku na huku. “Wasio wazima? Kuna watoto wanafanya kazi hapa?”

“Hamna watoto hapa,” Selpha alisema.

“Sasa hiyo senti kumi ni ya nani?”

Nabwire aliisoma tena karatasi kimya, akatafuta kama kuna mstari chini aliouruka. Haukuwepo. Akamwendea Absalom dirishani kwake.

“Karani, mimi nina miaka thelathini na mbili. Nimezaa, nimezika mama, nalipa kodi ya nyumba. Mimi ni mtu mzima ama si mtu mzima?”

Absalom, ambaye ndiye aliyeandika karatasi ile na alijivunia mwandiko wake, alikuna kidevu. “Mama, hiyo si mambo ya miaka. Mzima ni mwili. Mtu mzima, yaani mwili yake iko mzima yote.”

“Na kamba inajua?”

“Inajua nini?”

“Kamba ikishapata wavu, inajua aliyeshona amekaa ama amesimama?”

“Mimi naandika tu,” akasema Absalom, na akashusha macho kwenye kitabu.

Siku hiyo Nabwire alivisha meta arobaini. Akazipiga mara senti kumi, akapata shilingi nne. Pima ishirini za Opiyo zilikuwa zikimpa shilingi nne. Meta imetoka ng'ambo, imevuka bahari, imepanda treni mpaka Kisumu, ikamkuta Nabwire pale pale na kumwacha pale pale. Tofauti ilikuwa moja tu. Zamani bei ilikuwa moja na pima mbili. Sasa meta ilikuwa moja na bei mbili, na wakati huu hapakuwa na Opiyo wa kusingizia.

Gordon alimsikiliza tena, mikono mezani. “Siku utasimama kwenye safu, mama, siku hiyo hiyo nakulipa mtu mzima.”

“Kazi ni ya mikono, Bwana.”

“Hapa Kisumu nani mwingine angekuandika? Niambie jina moja tu, uende kwake, na mimi nitakuandikia barua nzuri.”

Hakuwa na jina. Alitoka ofisini huku mkongojo ukigonga simenti, na hasira iliyompanda ilimchosha kuliko kazi ya siku nzima, kwa sababu hakuwa na pa kuipeleka.

Mwishoni mwa Novemba habari zikaenea kwamba wageni wanakuja: wafadhili wa kutoka Nairobi, pamoja na mtu wa gazeti, kuona kiwanda kinachosaidia vilema. Ukuta ulipakwa chokaa na mkeka ukabadilishwa. Gordon alitaka mmoja wa mkekani atoe shukrani mbele ya wageni, na Kiswahili cha Nabwire kilikuwa kizuri kuliko cha wote, basi akachaguliwa yeye.

Dorca alifurahi kupita kiasi. “Hiyo ndiyo nafasi, dada! Utashukuru kwanza. Shukuru sana, mpaka walainike. Halafu sema *lakini*. Baada ya *lakini* waambie mambo ya meta.”

“Mbele ya gazeti hawezi kukufukuza,” akasema Selpha, na kwa Selpha hayo yalikuwa hotuba.

Wakafanya mazoezi wakati wa chakula, siku nne. Nabwire alishukuru, akasema lakini, akasema meta moja bei moja. Dorca alimsahihisha kama mwalimu wa kwaya. Hiyo *lakini* usiiharakishe, alimwambia, itue kwanza.

Alhamisi jioni, siku moja kabla ya wageni, Gordon alimwita Nabwire ofisini na kumpa kiti. Hajawahi kumpa kiti. Aliuliza habari za nyumbani. Akasema amesikia ana mtoto Kimilili, na kwamba ni vibaya sana mtoto kukaa mbali na mama. Kisha akasema polepole, akichezea kalamu, kwamba kuanzia Desemba anaweza kumwandika mtu mzima.

“Wewe peke yako. Siwezi wote, mama, kiwanda itaanguka. Absalom atakuweka kwa kitabu ingine, utapimiwa huku ndani. Hakuna mtu atajua. Kesho wewe toa shukrani vizuri, umalize, ukae.”

Nabwire alitazama mikono yake mapajani. Alijua kinachonunuliwa ni nini: ilikuwa ile *lakini*. Alifikiria Dorca na mazoezi yake. Alifikiria pia Kitale, mtoto wa miaka saba na mtoto mwingine mgongoni, akichota maji kwenye baridi ile. Kama kuna mtu anayesoma hapa ambaye angejibu haraka, ama hivi ama vile, basi huyo hajawahi kuulizwa.

“Sawa, Bwana,” alisema.

Ijumaa wageni walikuja na magari matatu. Walipitishwa kwenye safu, wakaoneshwa mkeka, wakapiga picha za mikono. Kisha Nabwire akainuka, akaegemea mkongojo na kuanza. Alisema jina lake na kwao. Alisema kabla ya Bwana Gordon alikuwa akiombaomba barabarani, jambo ambalo si kweli, hajaomba hata siku moja, lakini aliona machoni mwa wageni kwamba hilo ndilo walilolijia. Alisema watu kama sisi tusingekuwa na pa kukaa. Alishukuru kwa sindano, kwa mkeka, kwa kivuli cha dirisha. Mama mmoja wa Kizungu alipangusa macho. Dorca alikuwa mbele kabisa, shingo imenyooka, midomo ikimfuata neno kwa neno, akiingoja *lakini*.

“Mungu ambariki Bwana Gordon,” alisema Nabwire. “Nimemaliza.”

Makofi yakapigwa. Dorca alichelewa kidogo, kisha naye akapiga. Wageni wakagawa blanketi tatu za kijivu, moja kwa kila wa mkekani, wakaondoka kabla ya jua kuwa kali.

Selpha alikunja blanketi yake, na tangu siku ile hakumsemesha Nabwire isipokuwa kumwomba mkasi. Dorca ndiye aliyejiburura hadi ubavuni kwake na kumshika goti.

“Uliogopa, nyaminwa,” alimwambia, yaani dada yangu. “Hata mimi ningeogopa. Ile kamera peke yake! Kuogopa si dhambi.”

Nabwire angependa kutukanwa. Angejua la kufanya na tusi. Lakini kusamehewa na Dorca kulimwingia mwilini kama homa, na usiku ule kwenye kona yake hakupata usingizi.

Gordon alitimiza ahadi, lazima tuseme. Mwisho wa Desemba bahasha ya Nabwire ilikuwa nene. Alikodi chumba Nyalenda, ukuta wa udongo, dirisha la ubao, na mlango wenye kufuli lake mwenyewe. Mapema Januari alipanda basi la Kimilili, akarudi na Jentrix na kisanduku cha bati. Mtoto alizunguka chumba akakigusa kila pembe, akauliza nani mwingine analala humo. Alipoambiwa hakuna, wewe na mimi tu, alicheka peke yake kwa muda mrefu. Nabwire alimtazama na kufurahi kweli kweli, na ndani ya furaha hiyo hiyo akachoka. Akajiambia kwamba ataizoea, maana mtu huzoea yote.

Wiki iliyofuata Dorca alikuja kuwatembelea, amepandishwa kwenye mkokoteni na mpwa wake. Aliletewa chai. Alisifu mlango, akasifu kufuli, akamsifu Jentrix na sare yake ya shule. Kisha akakizungusha kikombe mkononi.

“Dada, umepata hii yote kwa senti kumi ya meta?”

Nabwire alikuwa anamimina chai, na hakuacha kuimimina. “Nimeongeza mwendo.”

“Unafika ngapi kwa siku?”

“Sitini,” alisema. Alikuwa anafika arobaini.

“Sitini!” Dorca aliweka kikombe chini. Usoni mwake hapakuwa na shaka hata chembe. Palikuwa na mshangao tu, na baada ya mshangao, matumaini. “Sasa mbona unaficha? Nifundishe. Maneno yamekataa, wacha tujaribu mikono. Mimi pia naweza kupata kamlango kama haka, nikatoka kwa shemeji yangu.”

Angemwambia nini? Kwamba vidole vyao vina mwendo mmoja? Kwamba kuna kitabu kingine? Jentrix alikuwa ameketi kitandani akisoma herufi kwa sauti, a, e, i, na kila herufi ilikuwa na bei yake.

“Kesho,” akasema Nabwire. “Kesho nitakuonesha.”

Na akamwonesha. Alimshika Dorca mkono na kumfundisha upya fundo ambalo Dorca alilifunga kwa miaka sita. Alimwonesha namna ya kushika sindano karibu na ncha, namna ya kupanga maboya upande wa kushoto, mambo madogo madogo yasiyoongeza chochote. Dorca alisikiliza kwa makini, akarudia kila kitu. Alianza kuja saa kumi na moja alfajiri, akimngoja mlinzi afungue lango. Aliacha kula mchana. Februari alifika meta arobaini na tano, Machi akafika hamsini na mbili, idadi ambayo hapakuwa na mwanamke katika kiwanda kile, aliyeketi wala aliyesimama, aliyewahi kuifikia. Kamba ya nailoni ilimkata kwenye maungio ya vidole, akafunga vitambaa, vitambaa vikashikana na jeraha. Nabwire alikaa hatua moja kutoka kwake akiona yote. Mara mbili alimwambia apunguze.

“Wewe sitini yako hukupunguza,” Dorca alimjibu akicheka.

Siku ya mshahara, mwisho wa Machi, Dorca alifungua bahasha yake pale pale mkekani. Akahesabu, akarudia. Zilikuwa nyingi kuliko alizowahi kupata, na bado zilikuwa pungufu ya zile zilizokuwa ndani ya bahasha ya Nabwire. Hakuiona hiyo bahasha. Alikiona chumba tu, na sare, na kisanduku. Akazirudisha noti ndani kwa viganja, kwa sababu vidole havikukunjika.

“Dada, nimejijua leo,” alisema, bila uchungu, kama mtu anayekiri kanisani. “Mimi ni mvivu. Wewe ulinifundisha vizuri kabisa. Ubaya ni wangu.”

Nabwire alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo yote, yamepangwa, hayakuzidi sita. Nje ya lango shule ilikuwa imetoka, na miongoni mwa sauti za watoto aliisikia ya mmoja ikiita mama.

“Loweka vidole kwenye maji ya chumvi,” alimwambia Dorca. “Yawe vuguvugu. Jumatatu tutajaribu tena.”